Chuo Kikuu cha Umma na Mabadiliko ya Uongozi: Mtazamo kutoka Moa

Imekuwa ada katika mijadala ya elimu ya juu nchini Tanzania kuupima uhusiano wa chuo kikuu cha umma na serikali kwa kuangalia nani yuko Ikulu na nani ni waziri. Makala haya yanakipinga kipimo hicho. Chuo kinachotegemea hisani ya kiongozi hulazimika kuanza upya kila kiongozi anapoondoka, ilhali kinachotegemea sheria huendelea na kazi yake.

Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inatoa ushahidi. Kilipoanzishwa tarehe 1 Julai 1970, Mkuu wake alikuwa Rais Julius Nyerere, na Makamu Mkuu wa kwanza, Pius Msekwa, alitoka katika uongozi wa TANU. Ni vigumu kufikiria ukaribu mkubwa kuliko huo. Aidha, Nyerere alikipenda Kiswahili hata akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Hata hivyo, Tume ya Makweta ilipopendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule za sekondari kuanzia mwaka 1985, serikali ya kiongozi huyo huyo haikulitekeleza pendekezo hilo. Mapenzi ya mkuu hayakutosha.

Mfano wa kinyume ni kibali cha utafiti. Mwanafunzi wa uzamili anayekwenda kuchunguza lahaja huko Moa, wilayani Mkinga, karibu na mpaka wa Kenya, huchukua barua ya Makamu Mkuu wa Chuo, aliyekasimiwa madaraka ya kutoa vibali kwa wanataaluma na wanafunzi wake kwa niaba ya serikali. Barua hiyo hupitia mkoani Tanga na wilayani hadi kwa mtendaji wa kijiji. Nguvu yake haitokani na urafiki wa mtu bali na madaraka yaliyokabidhiwa. Kwa hiyo waziri akibadilika, haipungui.

Yawezekana kudai kwamba fedha haziletwi na barua, kwani bajeti huamuliwa na watu, na watu hutaka kujuana. Dai hili lina uzito. Lakini kujuana hufungua mlango tu. Hakujibu swali ambalo kila uongozi mpya huuliza: chuo hiki kina faida gani kwa mwananchi? Hapo ndipo penye udhaifu. Mtafiti akiondoka Moa na kanda za sauti za wazee, pasiwe na nakala hata moja iliyorejeshwa kijijini, nani atakuja kukitolea chuo ushahidi?

Kwa hiyo, kurejesha matokeo ya utafiti kwa waliouwezesha kusiachiwe hiari ya mtafiti. Kuwe sharti lililoandikwa, lenye kufuatiliwa na idara. Wahenga wa pwani walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Viongozi watapokezana, ngama ya chuo kikuu cha umma ni sheria yake na wananchi wanaokigharimia.