Mtego Mtupu Si Habari Njema: Acheni Kuuza Vivutio Vilivyokufa

Ndugu mkulima wa nyanya, ukikuta mtego wa kantangaze hauna hata nondo mmoja, usishangilie. Jiulize kwanza: kile kivutio ulikinunua wapi, na kilikuwa kimehifadhiwaje?

Nasema hili waziwazi, na wenye maduka ya pembejeo wasinichukie. Pakiti za vivutio zinaning'inizwa dirishani ili mteja azione, jua linazipiga kutwa nzima na bati juu linawaka. Huko si kuhifadhi, ni kuua bidhaa kisha kuiuza kwa bei ya nzima.

Kivutio ni kipande kidogo, mara nyingi cha mpira, kilichotiwa harufu iliyotengenezwa kufanana na ya nondo jike. Dume huifuata akitafuta jike, ananaswa. Harufu hiyo imepangwa itoke kidogo kidogo. Joto huifanya itoke haraka. Mwanga na hewa huiharibu. Pakiti ikitoboka, kivutio kimeshaanza kazi dukani. Wewe unanunua mpira.

Muuzaji atakwambia, "Tarehe haijapita." Tarehe hiyo ni ya bidhaa iliyotunzwa kama lebo inavyoagiza: penye baridi na giza, pakiti ikiwa haijafunguliwa. Vingi huagizwa viwekwe kwenye friji, na vikikaa muda mrefu, kwenye friza. Ukivianika juani, tarehe ile haikutetei tena.

Mkulima naye atasema, "Mbona bado kinanukia?" Pua yako si ya nondo. Huwezi kukipima kwa kunusa.

Kwa nini nalipigia kelele jambo hili? Kantangaze aliingia Tanzania mwaka 2014, asili yake Amerika Kusini. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 260, na viwavi hujificha ndani ya jani, ambako dawa huwafikia kwa shida. Mtego ndio unaokupa taarifa mapema. Kivutio kikifa, mtego unakudanganya kwamba hali ni shwari, nawe unaacha kukagua majani. Ni bora shamba lisilo na mtego, maana mwenye shamba hilo angalau ana wasiwasi.

Na wakulima pia tuambizane ukweli. Kukiacha kivutio kimoja msimu mzima, au kukikata vipande viwili ili kitoshe mitego miwili, si kubana matumizi. Vingi hudumu shambani wiki 4 hadi 6, na kipindi cha joto kali huisha mapema zaidi. Fuata lebo.

Fanyeni hivi:

1. Mkulima, uliza duka linavihifadhi wapi. Ukioneshwa dirishani, ondoka.
2. Kataa pakiti iliyotoboka, iliyofunguliwa au isiyo na tarehe.
3. Nunua vya kutumia mara moja. Usiweke akiba kama huna pa baridi.
4. Andika kwenye mtego tarehe uliyokiweka.
5. Osha mikono kabla ya kushika kivutio cha mdudu mwingine, na usiweke vya wadudu wawili katika mtego mmoja.
6. Kilichoisha usikitupe shambani. Harufu iliyobaki huweza kuwavuta madume nje ya mtego.
7. Hata mtego ukiwa mtupu, kagua majani. Mtego huu hunasa madume tu.
8. Mfanyabiashara, tenga friji isiyo ya chakula wala soda. Kama huwezi, pokea oda kwanza, kisha fuata mzigo na uwakabidhi wateja siku hiyo hiyo.

Najua mtaji ni mdogo na umeme hukatika. Lakini hasara hiyo isihamishiwe kwa mkulima kimyakimya. Ukimuuzia mtu yai viza, atalijua akilipasua, na kesho atakurudishia maneno. Ukimuuzia kivutio kilichokufa, atajua nyanya zikiwa zimeshatobolewa, na hapo atalaumu mbegu, mvua na dawa. Wewe hatakutaja. Kwa kuwa hakutaji, unaendelea kuning'iniza pakiti dirishani.

Mkulima, anza kumtaja. Mrudishie pakiti mbovu, na umwambie jirani yako duka gani linatunza bidhaa na lipi linaanika.