Bandari ya Lamu na Lugha ya Mabaharia

Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lifunguliwe mnamo Mei 2021, mjadala umekuwa wa kina cha maji, magati yaliyopangwa na njia za kuelekea Ethiopia na Sudan Kusini. Hayo ni mambo ya maana. Linaloshangaza ni kwamba Lamu huzungumzwa kana kwamba ulikuwa ufuo mtupu uliokuwa ukingojea wahandisi.

Mji huu ulijua kazi ya bandari karne nyingi kabla ya Kenya kuwako. Majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi, yakarejea na kusi yakiwa yamesheheni boriti za mikoko na pembe za ndovu. Aidha, mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, iliundwa katika visiwa hivi hivi. Ushahidi umo katika lugha yenyewe. Bandari, nahodha na nanga zina asili ya Kiajemi. Rubani na shehena ni za Kiarabu. Lakini tanga na kafi ni maneno ya Kibantu, na kadhalika kupwa na kujaa kwa maji. Mswahili hakungoja mgeni amfundishe kupiga kafi.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, ikitaja pia kwamba haki zao za utamaduni zilikiukwa. Magazeti yalishughulikia zaidi zile fedha. Mimi, kwa kazi yangu, nalishika hilo neno utamaduni. Mvuvi anayehamishwa mkondoni huacha nyuma majina ya mikondo, miamba na pepo, na majina hayo hayana fidia. Demani, kwa mfano, ni majira ya mwisho wa kusi, na vilevile ni kamba ya tanga. Kamusi inaweza kuzihifadhi maana zote mbili, ila haiwezi kumfunza kijana kuishika kamba hiyo upepo unapogeuka.

Kwa hiyo vijana wa Lamu wanaoahidiwa ajira bandarini wasihesabiwe kuwa watu wasio na ujuzi wa bahari. Nao walimu wa Kiswahili wa Faza, Pate na Mokowe wanaweza kuwatuma wanafunzi kwa manahodha wazee muhula huu, wakiwa na daftari na kalamu.