Farumi kwanza, mbwembwe baadaye

Simu ikilia saa nane za usiku, aghalabu mtu huwazia msiba. Ndivyo nilivyowaza juzi iliponigutusha. Kumbe ni mpwa wangu aliyeko Minnesota, Marekani. Yeye na rafiki zake walikuwa wamechangishana pesa wakanunua motaboti kuukuu ya jeti, yenye urefu wa futi 19.

“Mjomba,” akalalama, “tunataka kuteleza juu ya wimbi lake, lakini wimbi lenyewe halitubebi!”

Kwa kuwa ujana wangu niliumalizia kwenye injini za boti kule Mombasa, aliniona mimi ndiye mganga.

Minnesota ina maziwa kwa maelfu, na kwa kuwa majira ya joto huko ni mafupi, vijana huyatumia vilivyo. Katika mchezo huu mtu husimama juu ya ubao nyuma ya boti. Kwanza huvutwa kwa kamba. Akishasimama huiachilia, akabebwa na wimbi tupu. Boti huenda polepole, kama kilomita 16 hadi 19 kwa saa, na mchezaji huwa hatua chache tu kutoka tezi.

Kwa sababu ya ukaribu huo, boti yenye rafadha inayozunguka nje nyuma yake haifai kabisa. Ya jeti ina nafuu, kwani pampu yake imo ndani: hufyonza maji chini ya boti na kuyarusha nyuma kwa nguvu. Bill Hamilton wa New Zealand aliistawisha mwaka 1954 ili apite katika mito ya kwao yenye maji haba. Mwaka 1960 boti zake zilipanda mto Colorado, zikakabili maporomoko ya Grand Canyon.

Lakini hapo ndipo penye taabu. Boti hiyo ni nyepesi, iliundwa ipae juu ya maji. Wimbi kubwa hutokana na boti inayozama kidogo na kuyasukuma maji kando. Basi nikampa mpwa wangu dawa tatu.

Ya kwanza ni farumi. Mabaharia wetu walitia mawe jahazini. Hawa hutumia mifuko minene ya maji. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo mfuko wa lita 180 ni sawa na watu wazima wawili wenye vitambi. Uzito mwingi uwekwe kwenye pembe ya tezi, upande ule anakotelezea mchezaji, na kiasi kidogo omo ili wimbi lirefuke. Hata hivyo, watu, mizigo na farumi kwa jumla visizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kibao cha boti.

Ya pili ni kibamba cha kunatishwa ubavuni, karibu na tezi, upande ule mwingine. Hicho huyachelewesha maji ya upande huo yasije yakalivuruga wimbi. Ya tatu ni ubao mkubwa, kwani wimbi dogo halibebi mtu mzima juu ya ubao mdogo. Kisha abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja, mwendo ukiwa wa mwisho, ajue kilichomfaa ni kipi.

Alikuwa akinishukuru aliponitajia kwamba mdogo wake, wa miaka 12, alikuwa akiumwa na kichwa tangu jioni. “Nadhani ni jua, Mjomba.”

“Alikuwa ameketi wapi?”

“Pale nyuma kabisa, kwenye jukwaa la tezi. Hupenda kutazama wimbi.”

Wasomaji wangu, usingizi ulinitoka. Injini ya petroli hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na boti inapokwenda polepole gesi hiyo hujikusanya papo hapo nyuma. Ni gesi ile ile ya jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Mwaka 2000, katika ziwa Powell lililo kwenye mto huo huo wa Colorado, ndugu wawili wadogo walikufa wakiogelea nyuma ya mashua ya kuishi. Moshi wa jenereta ulikuwa umejaa chini ya jukwaa.

Nikamwambia ampeleke mtoto hospitali usiku ule ule. Tena nikamwekea masharti: asikae mtu tezi injini ikinguruma, kila mmoja avae jaketi la kuokoa maisha, mmoja awe na kazi ya kumtazama mchezaji tu, na injini izimwe kabla ya kumpandisha, kwani jeti hufyonza hata kamba. Fauka ya hayo, boti ya jeti ukiipunguzia mafuta ghafla, usukani hupoteza nguvu. Dereva asijidanganye kwamba atakata kona dakika ya mwisho.

Jana alinipigia tena, safari hii mchana. Mtoto hajambo. Wimbi nalo limepatikana, ingawa lafika magotini tu.

Nami nikamjibu kuwa wimbi la magotini lenye watu wote nyumbani jioni lanitosha. Mwenda pole hajikwai. Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo.