Bao Linahitaji Kalamu Kabla ya Kombe

Tarehe 12 Desemba mwaka 2024, mjini Singapore, kijana wa Kihindi mwenye umri wa miaka 18, Gukesh Dommaraju, alimshinda Ding Liren wa China katika mchezo wa kumi na nne na kutawazwa kuwa bingwa wa dunia wa sataranji. Siku hiyo, bila shaka, huko Kabwe, kando ya Ziwa Tanganyika chini ya nyanda za juu za Ufipa, wazee waliokuwa wakisubiri vyombo walikuwa wameinamia bao. Aliyeshinda huko alipata kicheko na pengine kikombe cha chai. Kufikia magharibi hapakuwa na mtu aliyeweza kusimulia ushindi ule ulivyopatikana.

Yafaa kuuliza sababu ya tofauti hiyo. Jibu linalopendwa maofisini ni kwamba bao ni mchezo wa wavivu. Ni kweli kwamba viongozi wa wilaya na mikoa wamekuwa wakipiga marufuku kucheza bao saa za kazi, na katika hilo wana haki, maana shamba halilimwi kwa kete. Lakini katazo la saa limegeuka kuwa dharau kwa mchezo wenyewe. Jambo la kuchekesha ni kwamba watumishi hao hao wanaowafukuza wazee vibarazani huvaa sare na kusafiri kwenda kwenye michezo ya SHIMIWI, ambako bao huchezwa na mshindi akapewa kikombe. Mwalimu Nyerere alilipenda bao, wala hakuna aliyethubutu kumwita mvivu.

Wengine husema tatizo ni umaskini na udogo. Hao na wakumbuke mwaka 1972. Pambano kubwa la karne katika sataranji, baina ya Bobby Fischer wa Marekani na Boris Spassky wa Urusi ya Kisovieti, halikufanyika New York wala Moscow. Lilifanyika Reykjavik, katika kisiwa cha Iceland, nchi ya wavuvi iliyokuwa na watu wapatao laki mbili tu. Fischer alipoteza mchezo wa kwanza, akasusia wa pili, na bado akashinda kwa pointi 12½ dhidi ya 8½. Nchi inayoishi kwa samaki iliweza kuwakaribisha wakubwa wawili wa dunia mezani pake.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Michezo yote 20 iliyochezwa Reykjavik ingalipo. Mwanafunzi yeyote, popote alipo, anaweza kuipanga upya ubaoni, hatua kwa hatua, na kumsahihisha Spassky pale alipokosea, kwa sababu kila hatua iliandikwa kwa herufi na tarakimu. Bao halijanyimwa uwezo huo. Lina mashimo 32 na kete 64. Safu nne zaweza kupewa herufi, na mashimo manane ya kila safu yakapewa tarakimu. Mtafiti Mholanzi, Alexander de Voogt, alijifunza kwa mafundi wa Zanzibar na kuandika tasnifu juu ya umahiri wao mwaka 1995. Alionyesha kwamba akili inayohitajika kuona mbele katika mtaji, ambapo kete moja huweza kuzunguka na kula mara nyingi kabla ya kulala, ni somo linalostahili chuo kikuu. Inasikitisha kwamba somo hilo halijafika katika shule za huku. Fundi wa bao anapofariki, anazikwa na michezo yake yote.

India iliyomzaa Gukesh haikuwa na bingwa mkuu hata mmoja wa sataranji hadi mwaka 1988, alipopatikana Viswanathan Anand. Leo wamezidi themanini. Zambia, jirani wa Rukwa, ilimtoa Amon Simutowe aliyepata daraja hilo mwaka 2009. Hawakuzaliwa na akili kuliko watoto wa Nkasi. Walikuta vitabu, waamuzi na kanuni moja.

Kanuni moja, hata hivyo, si jambo jepesi. Watu wa pwani hulicheza bao kamili, lenye nyumba, namua na mtaji; watoto na wengi wa bara hucheza bao la kujifunza, kete mbili kila shimo. Ng'ambo ya mpaka, Zambia wana nsolo, Malawi bawo, Uganda omweso. Kombe la dunia litakaloitishwa kabla ya kukubaliana juu ya nyumba na kete za mkononi litaishia katika ugomvi wa waamuzi.

Kwa hiyo kazi ianze chini. Kabwe ni bandari. Hapo hukutana mtu wa Kigoma, mtu wa Kongo na Mfipa wa milimani, kila mmoja na namna yake ya kucheza. Mwalimu wa huko, akishirikiana na ofisa utamaduni wa wilaya, aweza kukaa na wazee siku ya Jumamosi, saa za kazi zikiwa zimepita, akauliza kila mmoja kanuni zake na kuandika michezo mitano au sita kuanzia namua hadi safu ya mbele inapobaki tupu. Mashimo ya kufundishia darasa zima huchimbwa ardhini bila shilingi ya serikali, na kete zapatikana mitini. Kinachotakiwa kununuliwa ni daftari.