Mawe Yana Mwenyewe, Karatasi Je?

Miaka ya karibuni serikali iliamua kuyagawa maeneo ya mambo ya kale kwa mashirika ya uhifadhi. Magofu ya Kilwa yakaenda kwa TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Kaole ikawekwa chini ya TFS, wakala wa misitu. Mapango ya Amboni, mwendo mfupi tu kutoka Tanga mjini, yakakabidhiwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, yenye makao yake mamia ya kilomita kutoka baharini. Katika mgawo wote huo, hakuna aliyekabidhiwa karatasi.

Ndiyo maana mgawo huo ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi. Jiwe likilindwa linabaki jiwe. Atakayelifanya liseme ni yule mwenye maandishi mkononi, na maandishi ya mwambao wa kaskazini yametawanyika kila mahali isipokuwa kwenye mwambao wenyewe.

Tongoni inatosha kuonyesha hilo. Kusini mwa Tanga, kwenye njia ya Pangani, pana mabaki ya msikiti wa karne ya 15 na makaburi yapatayo 40. Karibu nusu yake yalikuwa na nguzo, na nguzo nyingi sasa zimelala chini. Hakuna mahali pengine katika pwani ya Afrika Mashariki palipo na makaburi ya nguzo mengi namna hiyo kwa pamoja. Mgeni atayaona, atapiga picha, ataondoka. Kwamba mji huu uliitwa Mtangata. Kwamba meli ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye miamba ya jirani mwaka 1498, kisha Januari 1499 ikachomwa moto na Wareno wenyewe huko huko kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Kwamba Richard Burton alipita hapo mwaka 1857 akaandika habari za kigae chenye maneno ya Kiajemi kwenye kaburi mojawapo: hayo yote yamo katika vitabu vya Kireno na Kiingereza. Mwanafunzi wa Tongoni anayetaka kuyasoma aende wapi?

Jibu lilipaswa kuwa jepesi: Maktaba ya Mkoa, Tanga mjini. Ilijengwa zama za Waingereza kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita, na leo iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Bodi hiyo msingi wake ni sheria ya mwaka 1963, iliyofuatiwa na ile ya 1975, na maktaba yake kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Ni historia ya kujivunia. Lakini mkondo wake umekuwa wa upande mmoja. Nakala za vitabu vinavyochapishwa nchini huelekezwa Dar es Salaam. Miswada ya Kiswahili iliyokusanywa pwani imekwenda Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Nyaraka za Wajerumani, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia mwaka 1997, nazo ziko Dar es Salaam.

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja zao. Hewa ya chumvi na ukungu wa pwani huharibu karatasi. Wataalamu ni wachache, kwa hiyo ni busara kuwaweka pamoja. Tena siku hizi kuna intaneti, kila kitu kitapatikana kwenye simu. Hoja ya chumvi haina uzito mkubwa: Dar es Salaam nayo iko pwani, na Nyaraka za Zanzibar, kisiwani kabisa, zimetunza hati za Kiarabu zilizotambuliwa na UNESCO mwaka 2003. Hoja ya wataalamu ni ya kweli, na inahusu karatasi asili. Hakuna anayedai karatasi asili.

Kinachodaiwa ni nakala. Mtu akiazima sufuria kwa jirani kwa ajili ya harusi, huirudisha. Nyaraka za mwambao ziliazimwa, harusi ikaisha, na hata mfuniko haujarudi.

Tazama Machui, kijiji kilicho kati ya Tanga na Tongoni, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 hadi 1958 hazikuokolewa na ofisi yoyote. Zilikaa kwa mwenyewe, zikavuka ukoloni na uhuru, na mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikazitoa kitabu. Hapo ndipo ulipo uhai wa historia ya mahali: katika kasha la mtu. Fikiria ni makasha mangapi Mtangata, Pangani na Tanga ambayo wenyewe hawayafungui kwa mgeni, kwa sababu kila walichowahi kumpa mgeni kiliondoka.

J.W.T. Allen alipozunguka pwani kukusanya miswada na kunasa sauti kwa ajili ya Chuo Kikuu, watu walimfungulia. Kazi yake ni ya heshima. Yeye ndiye aliyeuhariri utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga juu ya vita vya Wajerumani vya kuitwaa Mrima. Lakini orodha ya alivyokusanya ilichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1970, kwa Kiingereza. Mjukuu wa aliyetoa mswada hupaswi kumtuma Leiden ili ajue babu yake alitoa nini.

Gazeti la *Kiongozi* lina kisa hicho hicho. Lilitolewa na shule ya serikali ya Tanga tangu 1904 hadi vita vilipolizima mwaka 1916, likiwa na habari zilizoandikwa na Waafrika kutoka sehemu mbalimbali za koloni. Leo anayelitafiti huanza kwa kuuliza maktaba za Ujerumani.

Na intaneti? Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao waliivamia Maktaba ya Uingereza, London. Orodha yake ya vitabu ikatoweka hadi Januari 2024, na hazina nyingi zilizopigwa picha zikawa hazifunguki kwa muda mrefu. Maktaba hiyo hiyo, katika mradi wake wa kunusuru nyaraka zilizo hatarini, ina kanuni kwamba karatasi asili zisitoke katika nchi zilimo na kwamba nakala ibaki kwa wenyeji. Ndivyo ilivyofanyika kwa hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu. London inakumbuka kumwachia mwenyeji nakala. Dar es Salaam inahitaji kukumbushwa?

Usiseme hakuna fedha. Nchi iliyopata namna ya kuipa Ngorongoro mapango ya Amboni haishindwi kuipa Tanga diski moja ya kuhifadhia picha za hati. Wanachama wa Urithi Tanga, raia wa kawaida, wameweka makumbusho ndani ya Boma la Wajerumani kwa kujitolea tu. Kinachokosekana ni mwenye kuwajibika. Maktaba ziko Wizara ya Elimu, magofu yako Maliasili na Utalii, nyaraka ziko Ofisi ya Rais, Utumishi. Kila mmoja akiulizwa humwonyesha mwenzake, na wote watatu wana hakika kuwa historia inatunzwa.

Shehena ya kwanza ya nakala haihitaji tume ya kuitafuta: miswada ya pwani iliyo Chuo Kikuu, orodha ya Allen ikiwa imefasiriwa, matoleo ya *Kiongozi*, mafaili ya Kijerumani ya wilaya ya Tanga, na kurasa za Wareno na Burton kuhusu Mtangata. Bodi ya Maktaba itakapopeleka bajeti yake wizarani, wabunge wa Tanga waiulize kwa maneno machache: nakala ngapi zitarudi, na kufikia mwezi gani?