Kama mbao zilifika fainali, mchele unashindwaje?

Siku Simba na Yanga zinapokutana, Kagongwa husimama. Mashine za kukoboa mpunga hupunguza kelele, bodaboda huegeshwa, na kila kibanda chenye runinga hujaa. Hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba ukiuliza timu ya Kagongwa ni ipi, utajibiwa moja kati ya hizo mbili, na zote makao yake ni Kariakoo.

Dawa ya ugonjwa huu ipo, na haiko mbali. Iko Mwanza, na jina lake ni Mbao FC.

Jina hilo si mbwembwe. Limetokana na wafanyabiashara wa mbao. Hawakuwa na mgodi wala benki nyuma yao. Mwaka 2016 hata kupanda kwao Ligi Kuu kulichekwa. Geita Gold iliipiga JKT Kanembwa mabao 8-0, Polisi Tabora ikaichapa JKT Oljoro 7-0, TFF ikasema huo si mpira, ikaziadhibu timu zote nne kwa upangaji matokeo. Mbao, ambayo haikuwemo kwenye mchezo huo, ikapita mlango uliobaki wazi. Wengi wakasema hao ni wageni wa msimu mmoja.

Msimu huohuo wa kwanza, Mbao ya kocha Mrundi, Etienne Ndayiragije, ikaingia nusu fainali ya Kombe la FA. Aprili 30, 2017, CCM Kirumba, Yanga waliokuwa mabingwa watetezi wakalala 1-0 na kuliaga kombe. Kuna waliosema ni bahati, kwa sababu bao lilikuwa la kujifunga. Mei 20 Yanga wakarudi Kirumba kumaliza ligi, wakapigwa tena 1-0. Walitwaa ubingwa kwa tofauti ya mabao tu dhidi ya Simba. Bahati gani hiyo inayopiga hodi mara mbili ndani ya mwezi?

Mei 27, Jamhuri Dodoma, fainali. Simba walikuwa na kiu ya miaka kadhaa ya kurudi mashindano ya Afrika. Dakika 90 zikaisha 0-0. Blagnon akafunga kwenye muda wa nyongeza, Ndaki Robert akasawazisha, watu wakaanza kufikiria penalti tano tano. Mwishoni kabisa Shiza Kichuya akafunga mkwaju wa penalti, 2-1. Mbao walitoka vichwa juu.

Sasa sehemu inayouma. Baada ya fainali vigogo walikuja na hela. Pius Buswita akaenda Yanga, Jamal Mwambeleko na kipa Emmanuel Mseja wakaenda Simba. Kocha naye baadaye akaondoka. Mwaka 2020 Mbao ikashuka daraja kwa mchujo mbele ya Ihefu.

Na si Mbao peke yao. Stand United, timu iliyozaliwa stendi ya mabasi Shinyanga, ilipata udhamini mnono wa Acacia, hela ikaleta mgawanyiko wa kampuni na wanachama, na 2019 Chama la Wana likashuka. Mwadui ikashuka 2021. Geita Gold ilimaliza ya nne msimu wa 2021/22, George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka 2024 ikashuka.

Somo ni lipi? Vipaji ukanda huu vipo, na kuwafunga wakubwa kunawezekana. Kinachokosekana ni mizizi. Timu inayosubiri mgodi hulegea mgodi ukifunga mkoba. Timu inayosajili kwa mikataba ya mwaka mmoja huwalea wachezaji kwa ajili ya wengine, tena bure.

Kagongwa ina kitu ambacho wauza mbao wa Mwanza walikuwa nacho: biashara moja inayowaunganisha watu. Wenye mashine, madalali, wapakiaji, madereva wa malori, wote wanakula kwenye gunia moja. Kila gunia linalopakiwa likiacha hata shilingi 50, zikaandikwa kwenye daftari ambalo kila mwanachama analiona, timu ya ligi ya wilaya inapata mipira, nauli na mikataba ya miaka mitatu. Kutoka wilaya kuna mkoa, kutoka mkoa kuna Ligi ya Mabingwa wa Mikoa. Njia ni ndefu lakini haijafungwa.

Watasema watu wa Kagongwa hawataacha Simba na Yanga. Hakuna anayewaomba waache. Wanaombwa wawe na timu ambayo siku moja Simba au Yanga atalazimika kupanda basi kuifuata, na siku hiyo waamue wenyewe wakae jukwaa gani.