Dawa ya Baridi Yabisi Imfikie Mnyonge

Mkulima ambaye vidole vimemvimba hata hawezi kushika jembe alfajiri, au mshonaji ambaye sindano humponyoka mkononi, mara nyingi huambiwa kwamba ni uzee, ni baridi, au amerogwa. Huenda kumbe ameshikwa na ile baridi yabisi ambayo kinga ya mwili, badala ya kuulinda mwili, huugeukia na kuushambulia. Ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Usipotibiwa mapema hula mifupa na kumwacha mtu kilema katika umri wa kufanya kazi.

Miongoni mwa watu waliofanya kazi kubwa ya kuupiga vita ugonjwa huu ni daktari aliyelelewa Afrika Mashariki. Ravinder Maini alizaliwa India mwaka 1937, akakulia Uganda, ambako baba yake, Sir Amar Maini, alikuwa meya wa kwanza wa Kampala. Alisomea udaktari Cambridge na katika Hospitali ya Guy's, London, kisha akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza maradhi ya viungo katika Taasisi ya Kennedy, iliyokuwa London wakati huo.

Katikati ya miaka ya 1980 Maini alishirikiana na Marc Feldmann, mtaalamu wa kinga ya mwili. Walichunguza utando uliotolewa katika viungo vya wagonjwa, wakakuta aina nyingi za protini ambazo chembe za mwili huzituma kama wajumbe wa kuchochea uvimbe. Wataalamu wengi walishikilia kwamba wajumbe wakiwa wengi hivyo, kumzuia mmoja hakutasaidia kitu. Watafiti hao hawakubishana kwa maneno, walipima. Mwaka 1989 wao na wenzao walionyesha kwamba mjumbe mmoja, aitwaye TNF, akizuiwa, mwingine mkali naye hupungua. Mwaka 1992 dawa ya kumzuia ilijaribiwa kwa wagonjwa 20 katika Hospitali ya Charing Cross, na maumivu na uvimbe vikapungua upesi. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 73, ambamo dawa hiyo ililinganishwa na dawa bandia, na shaka ikapungua sana. Mwaka 2003 Maini na Feldmann walitunukiwa Tuzo ya Lasker.

Sifa hizo ni haki yao. Hata hivyo, dawa hupimwa kwa mgonjwa aliyeinuka, si kwa nishani. Dawa hizi hazing'oi ugonjwa. Mara nyingi mgonjwa akiziacha, maumivu hurudi, na kwa hiyo gharama yake ni ya miaka. Ni ghali kupita uwezo wa mkulima na mfanyakazi wa kawaida wa Afrika Mashariki, nchi yake Maini ya utotoni ikiwamo. Tena, mwaka 2001 ilibainishwa kwamba zaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini. Katika nchi ambako kifua kikuu kingali kimeenea, kuzitoa bila kumpima mgonjwa kwanza ni kumtoa motoni na kumtia katika moto mwingine.

Lakini ughali wa dawa mpya si kisingizio cha kukaa bure. Methotreksati ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, na uchunguzi wa Maini mwenyewe ulionyesha kwamba dawa mpya hufanya kazi vizuri zaidi ikiandamana nayo. Mgonjwa akitambuliwa mapema na kuanzishiwa dawa hiyo chini ya uangalizi wa daktari, viungo vyake vyaweza kuokolewa. Basi kazi ya kwanza ni kuwafundisha waganga wa zahanati kuitambua dalili: viungo vinavyovimba mikono yote miwili na kukakamaa asubuhi kwa muda mrefu.

Kazi ya pili ni ya serikali. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kuzuia TNF katika orodha ya dawa muhimu, na sasa zinatengenezwa pia na viwanda vingine kwa bei ya chini. Nchi zinazonunua kwa pamoja zina nguvu ya kudai bei ya haki kuliko nchi moja moja.

Elimu iliyochota ukweli wake katika viungo vya wagonjwa ni deni kwa wagonjwa. Halitakuwa limelipwa mpaka yule mkulima ashike tena jembe lake.